Safari ya meli Mediterania kwa bei ya dakika za mwisho: hesabu ya anayetoka Nairobi

Msafiri_Ngara (mwenye uzi)

Habari zenu wadau. Kuna tangazo linalozunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa mjini: usiku saba kwenye meli ya kitalii, Italia, Ufaransa na Uhispania, chakula na malazi ndani yake, euro mia nne na ushei kwa kila mtu. Wengi wanauliza kama ni utapeli. Bei za aina hiyo zipo kweli. Kampuni kama MSC na Costa huuza vyumba vya ndani, vile visivyo na dirisha, kwa kiasi hicho msimu wa joto ukishapita. Lakini bei hiyo imemlenga mtu anayekaa Milano au Barcelona, anayeamka asubuhi, akapanda treni na kufika bandarini adhuhuri. Anayetoka Nairobi ana ndege na viza mbele yake, na hivyo viwili ndivyo vinavyoamua kama amepata nafuu au la. Nimewasaidia jamaa na marafiki kupiga hesabu hizi, kwa hiyo naweka yote hapa. Tafadhali someni kabla hamjatoa kadi.

Kwanza, kwa nini bei hushuka. Meli ikishang'oa nanga, chumba kilichobaki kitupu hakiuziki tena, na jikoni na wahudumu wameshalipiwa hata hivyo. Waliolipa amana hutakiwa kumaliza deni kati ya siku 30 na 90 kabla ya safari, kutegemea kampuni. Tarehe hiyo ikipita, wasiomaliza hufutiwa, vyumba vyao hurudi sokoni, na kampuni huanza kuteremsha bei ili ijaze. Aliye ndani ya meli ataagiza kinywaji, atalipia matembezi, ataingia kasino. Faida yao kubwa iko huko, ndiyo maana wako tayari kukupa kitanda kwa bei ya chini.

Sasa viza. Ratiba ya Italia, Ufaransa na Uhispania inadai viza ya Schengen, ile moja inayotumika kwenye nchi nyingi za Ulaya. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, nusu yake kwa mtoto aliyetimiza miaka 6 na hajafika 12. Unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho wa kuwasilisha ni siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini wakitaka kuchunguza zaidi wanaweza kufika 45. Hapo sijagusa foleni ya kupata miadi kwenye kituo cha viza, ambayo kuelekea Julai na Agosti huwa ndefu sana. Ukijumlisha hayo yote, dakika ya mwisho ya Mkenya asiye na viza kwenye pasipoti ni wiki nane hadi kumi kabla ya meli kuondoka. Tangazo la kuondoka Jumamosi ijayo halimhusu, hata wakimuuzia kwa euro mia moja. La kutia moyo ni kwamba wiki hizo nane hadi kumi zinakaribiana na ile tarehe ya kumaliza malipo, kwa hiyo bei za kushuka bado utazikuta.

Tuje kwenye pesa. Nimechukua watu wawili wanaolala chumba kimoja cha ndani, Novemba, usiku saba, wanapandia Civitavecchia, ambayo ndiyo bandari ya Roma, na kuzunguka Genova, Marseille, Barcelona na visiwani. Euro moja nimeihesabu kwa shilingi 150 ili niwe na nafasi. Hii ni kwa kila mtu.

Meli yenyewe pamoja na kodi za bandari, tuseme euro 450: shilingi 67,500. Juu yake kuna ada ya huduma ya kila siku, ambayo matangazo mengi huiandika kwa herufi ndogo sana. Kwa kawaida ni kati ya dola 12 na 20 kwa siku kulingana na kampuni. Mimi nimeweka 12,600 kwa wiki nzima. Tikiti ya ndege kwenda Roma na kurudi, ukiikata wiki sita au nane kabla, ukipitia Addis Ababa, Istanbul, Cairo au Doha, tenga 110,000. Viza pamoja na ada ya kituo, picha na nakala, 18,000. Bima ya safari, ambayo Schengen wanataka iwe na kinga ya angalau euro 30,000, tenga 5,000. Usiku mmoja wa hoteli kabla ya kupanda meli, mkigawana chumba, 7,500. Treni za kutoka uwanja wa ndege hadi bandarini na kurudi, 6,000. Kutembea kwenye miji, euro 25 kila bandari kwa bandari sita, 22,500. Vinywaji na intaneti, 10,500. Akiba ya dharura ambayo hutaigusa bila sababu, 20,000.

Jumla ni 279,600. Sema laki mbili na elfu themanini.

Angalieni hapo vizuri. Meli iliyotangazwa ni 67,500, kama robo tu ya gharama yote. Tikiti ya ndege peke yake inaizidi. Kwa hiyo ukisubiri wiki tatu za mwisho ili meli ishuke euro 100 nyingine, umeokoa 15,000, huku tikiti ya ndege kutoka Nairobi ikiwa imepanda pengine mara mbili ya hapo. Bei ya meli hushuka siku zikikaribia na bei ya ndege hupanda. Kazi yako ni kutafuta siku ambayo jumla ya hizo mbili iko chini, na kwa anayetoka huku mara nyingi huwa ni kama miezi miwili kabla.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Meli za MSC na Costa kwenye mzunguko huu hupakia abiria karibu kila bandari. Safari ileile unaweza kuianzia Genova, Marseille, Barcelona, Civitavecchia au Napoli. Usianze kwa kuchagua meli. Anza kwa kuangalia Nairobi kwenda miji hiyo yote tarehe zako, ona ndege ipi ni nafuu, kisha ndipo utafute meli inayopita hapo.

Mwalimu_Donholm

Asante sana kwa mchanganuo. Sisi walimu likizo yetu ndefu ni hiyo ya Novemba na Desemba. Siku zote nimekuwa nikidhani Ulaya huendwa Agosti. Je, Novemba kuna la kuona, au tutafungiwa ndani ya meli na baridi?

Msafiri_Ngara

Mwalimu, kalenda ya shule zetu ndiyo bahati kubwa mliyonayo. Agosti ni likizo ya Waitaliano na Wafaransa wenyewe, bei ziko juu kabisa, na joto la miji hiyo hupita nyuzi 35. Novemba wao wako shuleni na kazini, nyinyi mko huru. Bei ya meli inaweza kuwa nusu ya ile ya Agosti na miadi ya viza haigombaniwi sana. Hali ya hewa ya Napoli mwezi huo ni kama Limuru ya Julai: koti linahitajika, mvua ipo, lakini unatembea. Bahari huchafuka siku nyingine, kwa hiyo beba dawa ya kichefuchefu kutoka hapa. Koti na viatu vya kufunga vipo kwenye masoko ya mitumba ya Gikomba na Toi, vizuri kabisa. Usinunue Ulaya.

Ukipata ratiba inayokufikisha Italia Jumapili ya kwanza ya mwezi, makumbusho na magofu ya serikali huwa hayalipishwi siku hiyo, Pompeii ikiwemo. Watu hujaa, lakini kwa familia ni pesa nyingi imebaki mfukoni. Na kama una watoto, uliza kampuni mapema: mara nyingi mtoto anayelala chumba kimoja na watu wazima wawili hulipiwa kodi za bandari na ada ya huduma tu. Ndege na viza ndizo zitakazokugharimu kwao.

Kijana_Kahawa

Mimi sina mke wala mchumba, nataka kwenda peke yangu. Nimeona meli ya euro 380. Je, bajeti yangu ni hiyohiyo? Na naweza kuchukua mkopo wa simu nijazie?

Msafiri_Ngara

Ndugu, bei zote hizo ni za watu wawili ndani ya chumba kimoja. Ukilala peke yako unaweza kulipishwa hata nafasi ya pili, kwa hiyo 380 inaweza kuwa karibu 700. Tafuta rafiki mnayeaminiana, wa kazini au wa kanisani, mgawane. Hoteli pia mtagawana.

Kuhusu mkopo wa simu, nakuomba usifanye hivyo. Riba yake itakula raha yote, na maafisa wa viza wanasoma taarifa yako ya benki ya miezi mitatu hadi sita. Wakiona akaunti inayoishi na elfu mbili mbili halafu ghafla imeingia laki tatu wiki moja kabla ya maombi, watauliza zimetoka wapi. Weka kidogo kidogo kila mwezi kwenye akaunti ileile inayopokea mshahara. Ukianza Januari na kuweka elfu ishirini na nane kila mwezi, Oktoba umefika 280,000, na akaunti yenyewe inakueleza wewe ni mtu wa namna gani.

Mzee_wa_Kinoo

Mimi na mama watoto tumestaafu. Chama chetu kinagawa pesa mwezi wa tisa na tulitaka kuzitumia kwa safari hii. Ajenti mmoja mjini ameniambia nilipe zote taslimu sasa, yeye ana mtu ndani, viza ni ya uhakika. Nifanyeje?

Msafiri_Ngara

Shikamoo mzee. Usilipe. Hakuna ajenti yeyote duniani anayeweza kukuhakikishia viza, kwa sababu uamuzi ni wa ubalozi peke yake, na ada ya viza hairudishwi hata ukikataliwa. Anayeahidi uhakika anakuuzia kitu ambacho si chake. Muulize kama ana leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, na kama ni mwanachama wa KATA, kile chama cha maajenti wa usafiri. Wenye leseni wako wengi Nairobi na watakupa risiti, namba ya hifadhi ya chumba ambayo unaweza kuikagua mwenyewe na kampuni ya meli, na masharti ya kufuta safari kwa maandishi.

Hayo masharti ndiyo ya kuyasoma kwa miwani. Tatizo letu kubwa ni hili: ubalozi unataka kuona safari imepangwa, na bei za dakika za mwisho mara nyingi hazirudishwi. Njia salama ni kuchagua bei inayoruhusu kufuta, au inayodai amana ndogo, hata kama imezidi kidogo ile ya tangazo. Elfu tano au kumi za ziada ni nafuu kuliko kupoteza 135,000 za watu wawili. Tikiti ya ndege nayo: ajenti mzuri anaweza kukushikia nafasi bila kuikata, kisha mkalipa viza ikitoka. Na bima mnunue ile inayorudisha gharama ukinyimwa viza. Zipo, uliza hasa neno hilo na usome ukurasa wenyewe.

Pesa za chama si tatizo. Zikiingia kwenye akaunti, ambatanisha barua ya mweka hazina na nakala ya kumbukumbu za mkutano. Barua ya pensheni, hati ya shamba, na chochote kinachoonyesha mna maisha Kinoo ya kurudia, weka.

SouthC_Dada

Tuombe viza ubalozi gani ikiwa meli inapita nchi tatu? Na sisi tunakula halali, je, kuna chakula melini?

Msafiri_Ngara

Dada, sheria inasema nchi utakayokaa muda mrefu zaidi. Zikilingana, ile unayoingia kwanza. Kwenye mfano wangu unalala Roma, unapanda Civitavecchia, na bandari nyingi ni za Italia, kwa hiyo ni Italia. Ukianzia Barcelona na kulala huko siku mbili, hesabu inaweza kukupeleka Uhispania. Pasipoti iwe na angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Schengen na kurasa mbili tupu. Kama yako imebakiza muda mfupi, ibadilishe kwanza, maana hiyo pia ina foleni yake kwenye ofisi za uhamiaji, Nyayo House.

Jihadhari na meli zinazotoka nje ya Schengen halafu zikarudi. Uturuki, Tunisia, Montenegro, Misri haziko ndani. Ukiwa na viza ya kuingia mara moja, ukishuka Uturuki umeitumia, na meli ikirudi Ugiriki hawatakupokea tena. Omba ya kuingia mara nyingi na uambatanishe ratiba ya meli ili waone sababu. Kroatia imo ndani tangu Januari 2023, kwa hiyo Dubrovnik haina shida. Kwa safari ya kwanza mimi ningebaki na mzunguko wa Italia, Ufaransa na Uhispania. Una karatasi chache. Visiwa vya Ugiriki vinapendeza, lakini tangu Julai 2025 kuna ada ya kushuka, na kwa Santorini na Mykonos ni euro 20 kila kisiwa kuanzia Juni hadi Septemba.

Chakula nawaachia waliofanya kazi humo.

Baharia_Likoni

Nimefanya kazi kwenye meli hizi, jikoni na kwenye mkahawa, sasa nakaa Embakasi. Dada, nyama halali huagizwa kabla, wakati wa kukata nafasi au angalau wiki kadhaa mbele. Ukifika na kuomba siku ileile utapewa samaki na mboga, navyo ni vizuri, lakini nyama hutaipata. Pia kwa kuwa hamnywi pombe, msidanganywe na kifurushi cha vinywaji. Ni euro nyingi kwa siku, na kampuni nyingi humlazimisha kila mtu mzima wa chumba hicho anunue. Chai, kahawa na maji kwenye bafe kwa kawaida hayalipiwi. Maji ya chupa mezani usiku mara nyingi hulipiwa, ulizeni kabla hamjafungua.

Naomba niongeze mambo ambayo huwaumiza ndugu zetu. La kwanza ni simu. Meli ikitoka bandarini huwasha mtandao wake wa setilaiti. Ukiacha simu wazi itajiunga yenyewe, na data kidogo tu inaweza kukula maelfu ya shilingi. Weka hali ya ndege tangu meli inapoondoka, tumia intaneti mkiwa mjini.

La pili ni kadi. Ndani ya meli hulipi taslimu, kila kitu huandikwa kwenye akaunti ya chumba. Ukisajili kadi ya kawaida ya benki, meli hushikilia kiasi fulani kila siku kama dhamana, na pesa hizo zinaweza kuchukua siku kadhaa kuachiliwa hata kama hukuzitumia. Nimeona abiria wanalia mapokezi, akaunti imekauka na bado kuna bandari tatu. Meli nyingi hukubali amana ya taslimu. Weka euro mia moja au mia moja na hamsini, zikibaki unarudishiwa. Kadi iache kwa ajili ya mjini.

La tatu ni matembezi. Ya meli ni kati ya euro 50 na zaidi ya mia kwa kila mtu. Palermo na Genova hutayahitaji, unashuka na mji uko mbele yako. Napoli pia, na kama unataka Pompeii kuna treni ya Circumvesuviana, kituo chake kiko mlangoni kabisa pa magofu. Barcelona kuna basi la bandarini hadi kwenye sanamu ya Columbus, kisha unatembea. Marseille ndipo pagumu, bandari iko mbali na mji, tafuta basi mapema. Lakini kumbuka: ukienda na matembezi ya meli na mkachelewa, meli inawasubiri. Ukienda mwenyewe, haikusubiri hata dakika. Rudi saa moja na nusu kabla ya muda wa mwisho, na pasipoti au nakala yake uwe nayo.

Mwalimu_Donholm

Ndugu Baharia, kwani lazima kulala hoteli siku moja kabla? Ndege yetu ingefika Roma asubuhi na meli inaondoka jioni.

Baharia_Likoni

Mwalimu, lala. Kutoka uwanja wa Fiumicino hadi Civitavecchia ni treni mbili, karibu saa mbili ukihesabu kusubiri, na meli hufunga mlango mapema kabla ya kuondoka. Ndege ikichelewa Addis au mabegi yakibaki njiani, safari nzima imekwenda. Hizo 7,500 alizoweka Msafiri ndizo zinazolinda laki mbili na nusu nyingine. Kama mnataka kuona Vatikano, treni ya Civitavecchia inasimama Roma San Pietro, karibu na kanisa lenyewe. Laleni mtaa huo, jioni mkaone uwanja wake, haulipishwi.

Siku ya kurudi vilevile. Meli hufunga gati kama saa moja asubuhi lakini abiria hushuka kwa makundi hadi saa nne. Msikate ndege ya saa tano. Chukueni ya kuanzia saa tisa alasiri, na mkipata ya usiku ni bora zaidi, mabegi myaache stesheni ya Termini, kuna mahali pa kuyahifadhi kwa malipo.